Uso unawaka nikiacha krimu: mabaka, ndimu na jua la msimu wa korosho

Swali: "Nina miaka 32, naishi Tandahimba, nina watoto wawili na mdogo bado ananyonya. Tangu mimba ya pili nimetokewa na mabaka ya kahawia mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo. Msimu wa korosho naokota shambani na jioni nabangua nyumbani. Miezi mingine nauza mboga sokoni, juani. Mwaka jana rafiki alinipa krimu ya kopo dogo, nikapaka usoni na shingoni kama miezi minane. Mwanzoni uso uling'aa na mabaka yakafifia. Sasa nikiacha siku tatu uso unaiva, unawaka moto na kutoa vipele vidogo kuzunguka mdomo. Nikipaka tena unatulia, lakini mabaka yamerudi meusi kuliko mwanzo. Sabuni inanichonyota, hata jasho langu linanichonyota. Duka la dawa wamenishauri losheni ya kukinga jua, jirani anasema hiyo ni ya Wazungu, bora nipake ndimu na manjano. Natumia vidonge vya majira. Je, ngozi yangu ni dhaifu toka kuzaliwa au nimeiharibu? Nianzie wapi, maana uwezo wangu ni wa kawaida?"

Jibu: Dada, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: ngozi inayochonyota kwa kila kitu, mabaka yaliyokuja na mimba, na jua ambalo huwezi kulikimbia kwa kuwa riziki yako iko humo humo. Wengi hukimbilia mabaka kwanza kwa sababu ndiyo yanayoonekana kwenye kioo. Kwako hayo yatakuwa ya mwisho. Ngozi ya watu wetu ikiwashwa, ikiungua au ikisuguliwa hujibu kwa kuongeza weusi, kwa hiyo ukiipaka dawa ya madoa wakati bado inawaka utapata madoa mapya. Tutulize uso kwanza, kisha tuukinge na mwanga, na dawa ya mabaka isubiri.

Sidhani kama ngozi yako ni dhaifu toka kuzaliwa. Mwenye ngozi ya namna hiyo huwa na historia ndefu: pumu ya ngozi utotoni, mikunjo ya viwiko na magoti inayowasha, mafua ya mara kwa mara au pumu katika familia. Wewe unaeleza uso uliokuwa mzima, ukapakwa krimu miezi minane, na sasa unawaka kila ukinyimwa krimu hiyo. Kupaka ukatulia, kuacha ukaiva ndani ya siku chache, na vipele vidogo kuzunguka mdomo: huo ni mwenendo wa steroidi kali iliyopakwa usoni kwa muda mrefu. Kopo sijaliona, lakini maelezo yako yanaelekea huko moja kwa moja.

Steroidi ni dawa halali. Daktari huitoa kwa pumu ya ngozi ya mikononi au miguuni, kwa wiki chache. Tatizo ni nguvu yake na mahali inapopakwa. Ngozi ya uso ni nyembamba na inanyonya dawa nyingi kuliko ya mguu. Steroidi inabana mishipa midogo ya damu, uso ukaonekana umetakata. Inazima mwasho wowote uliokuwepo. Inapunguza kazi ya seli zinazotengeneza rangi, mabaka yakafifia. Wakati huo huo inakondesha ngozi na kudhoofisha utando wake wa juu, ule unaozuia maji yasitoke na sabuni isipenye. Ukiacha ghafla, mishipa iliyobanwa inafunguka yote kwa mpigo na utando haupo wa kupokea. Hapo ndipo mtu husema krimu imemkataa, akanunua nyingine, mara nyingi yenye dawa ile ile ndani ya kopo la rangi tofauti.

Soma kopo lako na boksi lake kama bado lipo. Tafuta majina haya kama yanavyoandikwa: clobetasol na betamethasone ni steroidi kali, hydroquinone ni dawa ya kupunguza rangi, mercury au calomel ni zebaki. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iliyokuwa ya TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) iko chini ya TBS (Shirika la Viwango), lakini bado vinapenya vichochoroni. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au lenye mchanganyiko uliokorogwa dukani, lihesabu kuwa na vyote vitatu mpaka ithibitike vinginevyo. Zebaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwako wewe unayenyonyesha: huingia mwilini kupitia ngozi, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mtoto huipata kwa kugusana tu na shavu au shingo iliyopakwa, na kwenye taulo na mto mnaolalia pamoja.

Kwa hiyo krimu inaachwa. Namna ya kuiacha ndiyo inayotaka mtu wa afya karibu. Kama ulipaka usoni na shingoni tu, tabibu anaweza kukupa hydrocortisone ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu sana, upake kidogo usiku kwa wiki moja au mbili, kisha usiku mmoja ndiyo mmoja hapana kwa wiki mbili nyingine, kisha basi. Hiyo ni ngazi ya kushukia, isigeuke kuwa krimu mpya ya kila siku. Vipele vikiwa vingi anaweza kuongeza dawa ya kumeza au ya kupaka, nawe mwambie mapema kwamba unanyonyesha, maana baadhi ya dawa za vipele hivyo hazifai kwa mtoto. Kama ulikuwa unapaka mwili mzima, hilo ni jambo jingine kabisa: steroidi nyingi ikipita kwenye ngozi kwa miezi hufanya tezi zilizo juu ya figo zizoee kutofanya kazi, na ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kutapika na kuishiwa nguvu. Mtu wa namna hiyo asiache peke yake nyumbani.

Jiandae kwamba uso utakuwa mbaya kabla ya kuwa mzuri. Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu, na utulivu kamili unaweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Wengi hurudi kwenye kopo siku ya tano, na kila wakirudi saa inaanza upya. Uso ukiwaka, chovya kitambaa safi cha pamba kwenye maji ya baridi ya kawaida, kamua, weka dakika kumi, rudia mara tatu kwa siku.

Katika muda huo uso wako unahitaji vitu vichache sana. Asubuhi osha kwa maji matupu. Jioni, kwa sababu ya vumbi na jasho, tumia sabuni laini isiyo na harufu, mara moja, kwa ncha za vidole, dakika isizidi moja. Sabuni ya mche achia nguo. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) karibu na 5, na sabuni ya kufulia iko kwenye 9 au 10. Kwa ngozi nzima ni usumbufu mdogo, kwa yako ni kidonda. Dodoki, mchanga wa sukari, kahawa ya kusugulia, vyote pumzisha. Kausha kwa kugusagusa na taulo, na kabla ngozi haijakauka kabisa paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi cha punje mbili za kunde kwa uso mzima. Yanafungia maji ndani na karibu hayana cha kumchonyota mtu. Ukiona vipele vya kuzunguka mdomo vinaongezeka, acha kuyapaka eneo hilo na uendelee nayo mashavuni.

Sasa mabaka. Ngozi ina seli zinazotengeneza rangi, melanositi, nazo hugawa chembe za melanini kwa seli jirani. Mtu mweusi na mtu mweupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizo. Zetu zina bidii zaidi na chembe zao ni kubwa. Homoni za mimba zinaziamsha, mwanga unazichochea, joto na mwasho vinaziongezea kasi. Mabaka yanayokaa pande zote mbili za uso, mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo, yakianza na ujauzito, huitwa melazma. Rangi ikiwa imekaa tabaka la juu, huwa kahawia yenye kingo zinazoonekana, na inaweza kufifia kwa miezi kadhaa kwa kuwa tabaka hilo hujibadilisha kila baada ya wiki nne hadi sita. Rangi ikidondoka tabaka la chini, hugeuka kijivu chenye ubuluu, na hiyo hukaa miaka. Nakuambia mapema ili usije ukauziwa ahadi ya siku saba.

Jirani yako ana nusu ya ukweli. Melanini yetu ni kinga halisi: ngozi nyeusi hukadiriwa kuwa na kinga ya asili sawa na SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kinga ya losheni dhidi ya miale inayounguza), ndiyo maana hatubabuki kama watalii wa Mikindani, na saratani za ngozi zitokanazo na jua ni chache kwetu, ukiwatoa ndugu zetu wenye ualbino, ambao wanahitaji kinga kamili toka wakiwa wachanga. Lakini melazma haihitaji kuungua. Miale ya UVA, inayopenya ndani zaidi, inatosha kuiamsha. Tena kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, hasa sehemu yake ya buluu, huchochea rangi inayodumu. Hapa ndipo losheni nyingi zinapotuangusha: zimetengenezwa kuzuia miale isiyoonekana na kuuachia mwanga unaoonekana upite.

Na jua la kwenu si la mchezo. Tandahimba na Mtwara ziko karibu nyuzi 10 na nusu kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 21 Oktoba na tena karibu tarehe 20 Februari. Ile ya kwanza inaangukia katikati ya msimu wa korosho, wakati unashinda umeinama chini ya mikorosho. Oktoba jua hufika kileleni saa sita na dakika chache, Februari kama saa sita na nusu. Usihangaike na saa. Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali, hata kukiwa na mawingu. Kwa kawaida hiyo ni kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi hadi karibu saa tisa alasiri.

Kwa mtu mwenye uwezo wa kawaida, fedha ya kwanza iende kwenye kofia, si kwenye losheni. Kofia ya ukindu yenye ukingo wa sentimita nane au zaidi pande zote inakinga paji, mashavu na pua bila kuisha na bila kuchonyota. Inyanyue uitazame dhidi ya jua: ukiona vitundu vya mwanga, ishonee kipande cha kitenge kwa ndani ya ukingo. Jaribio hilo hilo lifanyie mtandio. Kanga iliyofuliwa miaka mitatu inapitisha mwanga mwingi, na ikilowa jasho inapitisha zaidi. Kitenge kipya cha rangi ya giza kinazuia vizuri. Sokoni, mwavuli mkubwa wa rangi nzito uliofungwa kwenye mti utakusaidia kuliko chupa tatu za losheni, ila jua likihama nawe uuhamishe.

Kofia haizuii mwanga unaorudi juu kutoka kwenye mchanga mweupe, bati jipya au maji. Wanaolima mwani ufukweni na wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi wanalijua hili: uso unaungua kutokea chini. Hapo, na kwa mabaka kama yako kwa ujumla, losheni inahitajika pamoja na kofia.

Ukinunua, tafuta SPF 30 au zaidi yenye alama ya UVA. SPF 30 ikipakwa sawasawa hupitisha kama asilimia 3 ya miale inayounguza, na 50 hupitisha asilimia 2, kwa hiyo usijinyime chakula cha watoto kwa ajili ya namba kubwa. Jambo la maana kwako ni viambato. Kwa ngozi inayochonyota, zinki oksidi na titani dioksidi ni tulivu zaidi kuliko vichujio vya kikemikali, na kwenye orodha huweza kuandikwa CI 77947 na CI 77891. Zikiwa peke yake hukuacha na weupe wa majivu, na wengi huishia kupaka kidogo ili wasionekane wamepakwa unga. Tafuta yenye rangi ya kahawia, yenye oksidi za chuma: CI 77491, 77492 na 77499. Oksidi hizo ndizo zinazozuia ule mwanga unaoonekana, na pia zinaondoa weupe. Ukikosa losheni yenye rangi, paka losheni ya kawaida, subiri ikauke, kisha pitisha juu yake fandesheni au poda inayofanana na ngozi yako. Karibu zote za rangi zetu zina oksidi za chuma. Fandesheni peke yake haitoshi, kwa kuwa hakuna anayeipaka kwa unene unaotakiwa.

Kiasi ndicho kinachowaangusha wengi. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya losheni, kuanzia shina hadi ncha ya kidole cha shahada na cha kati, karibu gramu moja. Ukipaka nusu, kinga inaweza kuporomoka kuliko nusu. Kwa hesabu hiyo mililita 50, ukipaka mara mbili kwa siku, zitaisha kabla ya mwezi. Kama chupa yako inakaa miezi minne, hujakingwa. Ikikubidi kubana matumizi, paka kiasi kamili mashavuni, kwenye paji, puani na juu ya mdomo, na shingo uifunike kwa mtandio. Paka robo saa kabla ya kutoka. Usiweke mafuta ya mgando mengi chini yake, losheni itateleza na kujikunja vipande. Asubuhi mgando uache, losheni yenyewe inatosha kulainisha. Saa sita, panguza vumbi na jasho kwa kitambaa chenye maji, kausha, paka upya. Kama mikono imejaa matope ya mchicha na huwezi, rudi kivulini, usijilaumu.

Kabla ya kuipaka usoni, ijaribu sehemu ya ndani ya mkono chini ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba, bila kukwepa siku. Ikiwasha, bora imewashia huko. Nunua famasia au duka la dawa muhimu linaloeleweka, angalia tarehe na kifuniko, na usiiache kibandani chini ya bati. Losheni iliyojitenga maji na mafuta imekufa. Na usianze kuipaka wiki zile mbili mbaya za kuacha krimu. Wiki hizo mbili tegemea kofia na kivuli tu.

Nije kwenye korosho, kwa sababu nadhani inachangia kuliko unavyofikiri. Ndani ya ganda kuna mafuta mazito yenye asidi anakadiki na kadoli. Yanaunguza ngozi, na majeraha yakipona yanaacha weusi. Ndiyo yale madoa meusi ya vidole vya wabanguaji. Usoni yanafika kwa njia mbili. Moja ni mkono: unabangua, jasho linakutiririka, unafuta juu ya mdomo kwa nyuma ya kiganja. Nyingine ni moshi wa kukaanga korosho zenye ganda, ambao hubeba mafuta hayo hewani na kutua usoni na machoni. Vaa glavu za mpira. Ukizikosa, paka mikono mafuta ya kupikia kabla ya kuanza na urudie kila yanapokauka. Funga kitambaa kwenye paji kunyonya jasho na kingine begani cha kufutia uso, mkono usiguse. Ukaangaji ufanyike nje, nawe kaa upande unakotoka upepo. Ukimaliza, usikimbilie maji. Mafuta ya ganda hayayeyuki kwa maji, yatasambaa tu. Futa mikono kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, ukitupe, ndipo unawe kwa sabuni. Badilisha kanga kabla ya kumnyonyesha mtoto. Maganda yasiwe kuni za jikoni. Mikorosho na miembe ni ukoo mmoja, kwa hiyo aliyeshaumizwa na ganda la korosho anaweza pia kuwashwa na utomvu wa embe mdomoni. Menya kwa kisu.

Salfa nayo, mikorosho inapotoa maua na mashamba yanapulizwa: unga wake ukikutana na jasho huchonyota macho na ngozi hata ya mzima. Wiki za kupuliza, acha wengine wafanye hiyo kazi ikiwezekana, au funika uso na uoge mara tu ukirudi. Joto la mafiga pia huchochea melazma. Sikwambii usipike; sogea nyuma, na usiinamie moto kuupuliza kwa mdomo.

Ndimu usipake. Si suala la kuwa kali tu. Maji na maganda ya ndimu yana kemikali zinazoitwa furanokumarini, ambazo zikikaa kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua huamka na kuunguza. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, na doa jeusi linalofuata hudumu wiki au miezi. Hata aliyekamua ndimu kwenye samaki akatoka juani bila kunawa huweza kupata michirizi ya namna hiyo mikononi. Manjano yanapaka rangi, hayaondoi rangi, na baadhi ya watu yanawaletea mzio. Liwa sina ugomvi nayo kwa ngozi nzima, lakini kwako isubiri mpaka uso utulie, na hata hapo isibanduliwe kwa kusugua ikiwa kavu, ilowanishe kwanza. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mwili. Usoni kwenye vipele yanaziba vinyweleo, na kama kinga ya jua hayafai kutegemewa.

Vidonge vya majira: leta paketi kliniki ya uzazi wa mpango. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni, ambayo kwenye paketi huandikwa ethinylestradiol, vinaweza kuanzisha au kukaza melazma. Wanaonyonyesha mara nyingi hupewa aina isiyo na estrojeni, kwa hiyo huenda si vidonge. Ikithibitika ni vyenye estrojeni, uliza kuhusu kitanzi cha shaba, hakina homoni kabisa. Usiache vidonge kwanza ndipo utafute mbadala. Mimba nyingine itayachochea mabaka kuliko kidonge chochote.

Uso ukishakaa wiki nane hivi bila kuwaka, na kofia imekuwa mazoea, ndipo tuzungumze dawa ya mabaka. Kwa anayenyonyesha ningeanza na asidi azelaiki ya asilimia 15 hadi 20: inapunguza utengenezaji wa rangi, inatibu na vipele, na ni miongoni mwa chache zinazokubalika wakati wa mimba na kunyonyesha. Itachonyota kidogo mwanzoni, kwa hiyo kiasi cha punje moja ya kunde kwa uso mzima, kila usiku wa tatu kwa wiki mbili, kisha usiku mmoja kuruka mmoja, halafu kila usiku ukivumilia. Naiasinamaidi ya asilimia 4 au 5 ni dhaifu zaidi lakini tulivu na husaidia kujenga upya utando wa ngozi. Ukipata moja tu kati ya hizo mbili kwa bei unayoiweza, haina neno. Tretinoini na adapalini, dawa za kupaka za jamii ya vitamini A, zisubiri mpaka umalize kunyonyesha na huna mpango wa mimba. Haidrokwinoni inayotolewa na daktari, asilimia 2 hadi 4, kwa miezi mitatu au minne kisha kupumzika, ina kazi yake, ila si kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa sehemu kubwa hufyonzwa mwilini. Ikitumiwa miaka bila usimamizi huleta weusi wa buluu wenye chenga chenga ambao karibu hauondoki. "Kubandua uso" saluni kwa asidi kali kunaacha majeraha kwenye ngozi zetu. Kwako sasa hivi ni marufuku.

Piga picha ya uso mara moja kwa mwezi, dirishani, saa ile ile. Kioo cha kila siku kitakudanganya. Nafuu inayoonekana huanza mwezi wa tatu, na jua la wiki moja bila kofia linaweza kuirudisha nyuma.

Kuna dalili ambazo hazifai kusubiri hatua hizi. Uso ukivimba, ukatoa maji au usaha, au macho yakaona ukungu baada ya miezi ya krimu karibu na kope, nenda siku hiyo. Miguu kuvimba au mkojo kutoa povu jingi, mikono kutetemeka, usingizi kupotea: taja krimu na neno zebaki ili figo zipimwe. Wekundu au weusi mashavuni na puani unaozidi kwa jua, ukiambatana na maumivu ya viungo, vidonda mdomoni na nywele kukatika, huenda ukawa ugonjwa wa lupasi, si melazma. Na baka lililopauka, lisilowasha, ukiligusa kwa pamba huhisi chochote: hilo lipimwe ukoma. Ukoma bado upo mikoa ya kusini, unatibika, dawa hutolewa bure, na kuchelewa ndiko kunakoleta ulemavu.

Anzia hospitali yako ya wilaya. Wakikuandikia rufaa, Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Walio upande wa Masasi wana Ndanda, na wa Lindi wana Sokoine na Nyangao. Ulizia kwanza kwa simu siku ya kliniki ya ngozi ili nauli isipotee bure. Beba kopo la krimu hata kama limebaki tupu, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na boksi, paketi ya vidonge na sabuni unayotumia. Mwambie daktari miezi minane, usipunguze kwa aibu. Kipimo cha dawa ya kushukia kinategemea hesabu hiyo. Mtoto mpeleke naye, na ueleze kwamba ananyonya na kulala nawe.